Maiti Aliyelala na Viatu

Nikipita penye karanga zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto, mpaka leo miguu yangu hutaka kukimbia. Hiyo kwangu ni harufu ya Jumapili alasiri, ya mlango wa jumba la sinema na watoto wanaosukumana kana kwamba filamu itakwisha kabla haijaanza.

Tulikaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwani nyuma. Mimi na Bibi yangu, mtu wa Kilwa, chumba chetu kilitazamana na cha rafiki yangu Anjela na baba yake, watu wa Moshi. Mama yake Anjela alifariki masika yaliyotangulia, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Nilichojua mimi ni kwamba Anjela aliondoka wiki mbili, akarudi amenyolewa nywele.

Ngoja niwaeleze desturi ya uwani kwetu. Si wote walioweza kwenda sinema, kwa hiyo aliyekwenda, akirudi, alikalishwa kwenye kinu kilicholazwa akaitoa filamu yote, na milio yake, huku wanawake wakichambua mchele. Msimuliaji hodari alipewa ukoko. Ukoko wa uwani kwetu ulikuwa wangu, na sikukusudia kumwachia mtu.

Ndipo ikaja ile filamu. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule, isiyo na rangi: bwana mmoja mfu, mchana analala kwenye jeneza, usiku anaamka kunyonya watu damu. Mtaa uligawanyika. Wengine waliapa wameona mtu mzima akizimia. Wengine wakasema walicheka mpaka mbavu zikauma. Anjela alisema lazima inatisha. Mimi nikasema haitishi. Tukapatana: tutakwenda wote, tutaisimulia wote, watu wa uwani wataamua nani mkweli.

Baba Anjela alitupeleka. Taa zilipozimwa nilisikia moyo unanipiga mpaka masikioni kwa furaha. Kisha mfuniko wa jeneza ukaanza kuinuka, mbao zikalia taratibu, na watoto wa safu ya mbele wakaingia chini ya viti. Baba Anjela naye akainama kama mtu aliyeangusha kitu. Mimi nikacheka.

Naomba mnielewe. Kwetu Waislamu maiti huvishwa sanda akalazwa mwanandani mwa kaburi, hana sanduku. Huyu wa kwenye filamu, na nywele zake zilizopakwa mafuta, alifanana na fundi cherehani anayewakimbia wateja mkesha wa Idi.

“Unacheka nini?” Anjela akaninong'oneza.

“Kalala na viatu.”

“Kwani wa kwenu wanavuliwa?”

“Wanavuliwa vyote.”

Akanitazama kana kwamba wa kuogopwa ni mimi.

Uwani nilianza mimi. Nilikunja mikono kifuani, nikafumba macho, nikaamka kidogo kidogo nikipiga miayo. Bibi alicheka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. “Mwanamume mzima analala mchana kutwa,” akasema. “Balozi wa nyumba kumi hajamwona akampeleka shamba na wazururaji wenzake?” Kicheko kilichofuata kilinitosha, ukoko niliuona tayari mkononi.

Kisha Anjela akakalia kinu. Hakuigiza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba lile jeneza lilinuka vanishi mbichi. Kwamba misumari ilikuwa minane, na wa mwisho ulipinda, fundi akaung'oa akaanza upya. Wanawake waliacha mchele.

“Hayo hayakuwamo,” nikasema.

“Nyamaza, Mwajuma,” Bibi akanikemea. “Mwache mwenzio amalize.”

Anjela akaendelea. Mfuniko ukainuka, maiti akatoka. Hakuwa na meno marefu. Alikuwa na vumbi, akaulizia njia ya Kariakoo. Akatembea kwa sababu hakuwa na nauli ya basi. Akafika kwenye nyumba ya vyumba sita, akasukuma mlango.

“Umefungwa kwa komeo,” Anjela akasema. “Na wote ndani wanaogopa kuufungua.”

Hapo nilipiga kelele kwamba ni mwongo, kwamba ameharibu filamu, na mkiniuliza nilikuwa na haki. Baba Anjela aliinuka, akapita ukumbini, akaondoa komeo la mlango wa mbele, akaufungua wazi wote. Nje kulikuwa na jua la jioni na mikokoteni ikirudi kutoka sokoni. Bibi akampa Anjela ukoko wote.

Nilinuna siku tatu. Anjela alinifuata ya nne, akanigawia nusu ya muwa wake, nami nikaupokea nikijiona mkarimu.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshamzika Bibi, nilipoelewa kile alichokiogopa Anjela. Sisi tulibishana kama yule maiti anatisha au hatishi, tukidhani ni lazima iwe moja. Anjela hakuogopa mama yake asije akarudi. Aliogopa kwamba siku atakayorudi, sisi sote tutajificha chini ya viti, na mimi nitakuwa nacheka.