Maji ya Alhamisi

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizofanya kazi, mwanangu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa mchanga zaidi, injinia wa maji mwenye cheti kipya na suruali iliyonyooshwa pasi. Nasikia umekwenda kusomea kazi hiyohiyo, na unalalamika eti mnapotezewa wakati kwa kufundishwa kuongea na kuandika badala ya mashine. Basi keti nikwambie jinsi nilivyokaribia kumuua mtoto kwa kuongea vibaya.

Tulikuwa tunapeleka maji katika kijiji kimoja juu ya Endarasha, upande ule wa Kieni ambako mvua hupita kama mgeni mwenye haraka. Wanawake wa pale walibeba maji mgongoni kutoka mbali, na kamba za mizigo zilikuwa zimewachimba alama kwenye vipaji vya nyuso. Mtaro waliuchimba wenyewe kwa harambee, wake kwa waume. Mabomba yalipokwisha kufukiwa, ilibaki kuyaosha kwa klorini kali. Maji yenye dawa yapite Alhamisi, tuyamwage, watu waanze kunywa Jumamosi. Kazi nyepesi, ndivyo nilivyodhani.

Jumatatu chifu aliita baraza ili niwaeleze. Mimi Mmeru, wao Wakikuyu, tukakutana kwenye Kiswahili ambacho hakuna aliyezaliwa nacho. Mkubwa wangu, Bwana Kariithi, alikuwa ameketi mbele, nami nilitaka ajue kwamba sikwenda chuoni kuota jua. Hapo ndipo niliponaswa. Nikaanza na chanzo cha mto, nikaja kwenye presha, nikataja upana wa mabomba kwa milimita. Katikati ya hotuba nikasema kwamba maji yatafika Alhamisi. Watu wakapiga makofi hadi nikanyamaza. Yalipotulia, nikaongeza kwa haraka kwamba maji hayo yatakuwa ya kutibu mfumo, hayatakuwa yamefikia kiwango cha matumizi ya binadamu.

Mwanangu, hayo ndiyo maneno niliyotumia kusema "msinywe". Kisha nikauliza kama kuna swali. Kimya. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, chifu akanishukuru, na Bwana Kariithi akanipigapiga begani. Nikarudi Nyeri mjini nimevimba kama andazi kwenye mafuta.

Alhamisi asubuhi tuliachilia dawa kule juu kwenye tangi, mimi na fundi, kisha tukashuka kwa gari kukagua bomba la mwisho. Tulipokaribia nikasikia vigelegele. Kijiji kizima kilikuwa pale, wamevaa nguo za kanisani. Wazee walikuwa wameamua kwamba, ili kupata baraka, maji ya kwanza yaonjwe na mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote. Mkubwa alikuwa Cucu Wamuyu, nyanya mkongwe asiyebakiwa na meno, na mdogo alikuwa kitukuu wake Wangechi, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Cucu alikuwa amemaliza kibuyu kizima. Yalimchoma koo, lakini nani atatema baraka mbele za watu? Mtoto naye alikuwa amenyweshwa kwa kijiko, akilia, na watu wakicheka wakidhani ni ubaridi wa maji.

Nilipofika, Wangechi alikuwa akitapika mapajani mwa mama yake, midomo imevimba. Nilipigwa na butwaa. Kichwani mlikuwa na neno moja tu: niliwaambia. Niliwaambia mimi mwenyewe, siku tatu zilizopita, na wakakubali! Mama wa mtoto aliinua macho akaniuliza polepole, "Injinia, hii maji yako iko na nini?"

Fundi ndiye aliyefunga bomba na kuwafukuza watu, kisha tukawapakia wale wawili garini na kuwakimbiza hospitali ya mjini.

Siku mbili mtoto hakumeza kitu, na madaktari hawakutuahidi lolote. Na mimi, badala ya kupiga magoti, nilikaa ofisini nikaandika ripoti. Kurasa sita za Kiingereza safi, zikieleza kwamba wakazi walipewa maelekezo wakayapuuza. Moyoni nilijiambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu mwenyewe alikuwa mimi, hebu fikiria. Bwana Kariithi alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia bila kupandisha sauti, akaniagiza niende kwanza nikamsomee Cucu.

Nilimsomea pale kitandani, nikimfasiria kifungu kwa kifungu. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alikuwa anaongea kwa shida, koo bado lina vidonda.

"Kijana, wewe uliuliza, kuna swali? Sasa mimi nitauliza aje mtu ameshuka na gari ya serikali, na chifu ameketi hapo? Nikuaibishe, ama nijiaibishe? Ungeniuliza tu, Cucu, Alhamisi maji ikifika utafanya nini. Ningekwambia, nitakunywa."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji ya barafu. Neno moja tu. Lingenigharimu pumzi moja kulipata, na sikulitafuta, kwa sababu sikuwa nikiongea nao. Nilikuwa nikiongea na Bwana Kariithi.

Nilirudi nikaandika ripoti nyingine, ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba watu wawili wamelazwa kwa sababu sikueleza wakaelewa, na kosa ni langu. Nilijua huenda nikafukuzwa, lakini sikufukuzwa. Siku ya tatu Wangechi alikunywa uji, nami nikalia mbele ya manesi bila haya. Cucu sauti yake haikurudi kamwe kama ilivyokuwa, na mpaka leo kila nikisikia bibi mwenye sauti ya mkwaruzo, namkumbuka.

Kwa hiyo usidharau somo hilo, mwanangu. Jambo linaloweza kuua litangulize, kabla ya salamu ndefu na kabla ya elimu yako, na liseme kwa neno ambalo mama mwenye mtoto mgongoni atalishika. Watu wetu ni wa heshima, watakutikisia kichwa hata ukiwapoteza, basi usiwaulize kama wana swali. Waulize kesho watafanya nini, kisha unyamaze wakueleze. Ukiandika, mwandikie atakayesoma akiwa na haraka. Na ukikosea, jina lako litangulie la mtu mwingine yeyote.

Nenda, na Mungu wa mlima wetu akutangulie. Akupe ulimi mnyenyekevu na masikio yasiyochoka, na asikufikishe kamwe kando ya kitanda cha mgonjwa ukiwa na ripoti mkononi.