Maji Moto kwa Goti la Muthoka

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mjukuu wangu, nilipomkuta ndugu yangu Muthoka amejificha nyuma ya ghala la mahindi, ameshika goti kwa mikono miwili. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hapa hapa Katangi, mwenye nguvu za kubeba mtungi wa maji na mdomo wa kumshinda kila mtu. Yeye alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amechukua baiskeli ya baba bila ruhusa, akapitisha mguu chini ya kile chuma cha kati, kama wanavyofanya watoto wasiofikia kiti, na kwenye mteremko wa mtoni akaanguka.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia Jumamosi unapanda baiskeli na vijana wenzako wa kanisani, kutoka hapa hadi Machakos mjini, kuchangisha pesa kwa ajili ya watu wa ugonjwa wa damu isiyoganda. Umeniambia kuna wenzenu wa nchi nyingi wanaoendesha kama ninyi, ili dawa ifike mahali isipopatikana. Nimefurahi sana. Hizo kaptura zenu za kubana ndizo sijazizoea, lakini nitavumilia.

Basi, Muthoka alizaliwa na ugonjwa huo. Jino lake la utotoni lilipong'oka alitoka damu siku mbili, mpaka mama akampeleka hospitali, na huko ndiko tulikoelezwa shida yake. Wiki ile mama alikuwa Ekalakala kwa dada yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka aliniita kando akaniambia kwamba Muthoka akiumia, nimwambie baba ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, nisijitie udaktari.

Nilimkagua goti. Halikuwa na kidonda, halikuwa na hata mkwaruzo. Nikajiambia, kama hakuna damu inayotoka, ugonjwa wake unaingiaje hapa? Tena nikimwambia baba, atataka kujua Muthoka aliangukia wapi, na fimbo ya baba niliijua. Nilimpenda mno mtoto yule. Nikaamua kumficha na kumtibu mwenyewe kama kila mtu alivyotibiwa kwetu, kwa kukandwa na maji moto yenye chumvi.

Baba nilimdanganya kwamba Muthoka ana homa. Nikafunga mlango, nikachovya kitambaa kwenye maji yanayotoa mvuke, nikakanda. Nilikanda asubuhi na jioni, kwa nguvu zangu zote, maana susu yetu, yaani bibi yetu, alizoea kutwambia kwamba mkandaji mwenye huruma haponyi mtu. Muthoka aliuma shuka. Siku ya pili akanishika mkono.

"Dada, wacha. Hii goti inajaa ndani. Naskia ikijaa."

"Unaskia maji moto. Vumilia, wewe ni mwanaume."

Nilisema hivyo kwa upendo, mwanangu, na nikaendelea kukanda. Kesho yake goti lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa, na Muthoka hakuweza tena kulia kwa sauti. Hapo ndipo nilipokimbia shambani kumwita baba. Hakushika fimbo. Alimketisha mwanawe juu ya baiskeli ile ile, akaisukuma akitembea kwa miguu mpaka barabara kuu kutafuta gari, nami nyuma yao nikiushikilia ule mguu usining'inie.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja mzee, mwanamke mfupi wa miwani. Alilitazama goti, halafu akanitazama mimi.

"Nani amekanda hii?"

"Ni mimi."

"Damu ilikuwa inamwagika ndani ya goti. Ilitaka baridi na kutulia. Wewe ukaipasha moto na kuisukuma. Sasa niambie, huyu mtoto alikuambia nini?"

"Alisema inajaa."

"Na wewe ukamwambia?"

Aliniwekea mkono begani, hakunigombeza, akaniambia polepole kwamba mtu aishiye ndani ya mwili huo ndiye aliyekuwa anajua, na mimi niliyekuwa nje ndiye niliyekuwa nasema. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani na ninayo mpaka leo.

Muthoka alilazwa wiki nyingi. Akapona, lakini mguu ule haukunyooka tena. Babu yako huyo unayemjua, fundi wa nguo pale sokoni, anayekanyaga cherehani kwa mguu mmoja, ndiye mtoto niliyemkanda. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana angenilaumu ningeweza kujitetea, na unajua nilivyo hodari wa kujitetea.

Sasa usidhani nilijifunza mara moja. Jumapili iliyopita mlipokuja kumwuliza babu yako mngemfanyia nini siku ya safari, nani alidakia? Mimi. Nikaanza kuwapangia: awekewe hema, apewe kiti chenye mto, aombewe. Akanigusa mkono.

"Dada, wacha niseme."

Nikafunga mdomo. Naye akawaambia, mkiwa mmesimama pale na kofia zenu ngumu mikononi, "Mimi hema sitaki. Siku hizi niko na dawa, nikiskia goti inaanza nadungwa sindano, naendelea na kazi. Lakini kuna mtoto mahali, hata jina ya nchi yao siwezi kujua, ameanguka leo. Na dada yake anampenda, ako jikoni anachemsha maji. Endesheni mfike kabla hayajachemka."

Ninyi mliinamisha vichwa. Mimi nililia mbele ya watoto wa watu, na wala sioni aibu. Miaka yote nilidhani ananisamehe kwa kunyamaza tu, kumbe alikuwa amemweka mahali pazuri moyoni mwake yule msichana mwenye kitambaa, pamoja na wote wanaopenda bila kujua.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Upendo peke yake unaweza kulemaza mtu. Ukitaka kumsaidia mgonjwa, muulize kwanza, halafu nyamaza umsikilize, hata kama unafikiri unajua, hasa kama unafikiri unajua. Akikwambia inauma ndani, usimtafutie damu nje. Na usione haya kusema hujui, kwa sababu mimi niliona haya hiyo, na aliyeilipia alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Sasa inama kidogo nikutemee mate kifuani, kama wazee wetu walivyotubariki. Mungu akupe pumzi kwenye milima na akili kwenye miteremko. Barabara ikupokee vizuri, na kila mkono utakaoushika upate nafuu. Wasiojua jina lako walale bila maumivu kwa sababu ulitoka nyumbani. Nenda, mwanangu, urudi mzima.