Mikate Iliyopikwa kwa Gloria

Asubuhi ya kwanza niliporudi Bukavu, mdogo wangu aliniwekea mezani chai ya maziwa na mkate uliofungwa kwenye sachet ya plastiki yenye mchoro wa nota za muziki. Niliitazama ile sachet, nikamuuliza kama mji mzima hakuna mkate mwingine. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Yaya, dada yangu, bado tu una ile hasira? Kula mukate." Nikaula. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mwenye bulanjeri hiyo, kiwanda kinachopika mkate huo, alikuwa jirani yetu. Leo watu wanamtaja kama mfano: mtu aliyeanza na tanuru la udongo huko Cimpunda, sasa magari yake yanagawa mikate mpaka Katana. Vijana wanaosoma biashara wanapanda kwake kumuuliza siri yake ni nini, naye anawaambia kazi, subira na sala, na wao wanaandika. Mimi siri yake naijua. Nililala chini ya siri hiyo utoto wangu wote, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Basi kaa hapa nikueleze wewe.

Kama umefika Cimpunda, unajua nyumba zilivyopandana kule kilimani. Mlango wako uko sawa na bati la jirani wa chini, na kila anachomwaga jirani wa juu kinapita kwako. Parsele ya huyu bwana, kiwanja chake, ilikuwa juu yetu. Mvua ikinyesha, matope yake yalikuwa yetu. Moshi wake ulikuwa wetu. Harufu ya mkate wake ilishuka, ikaingia dirishani, ikakaa kwenye mablanketi yetu, na sisi tulikuwa na mkate wetu wenyewe! Maana Papa, baba yangu, naye alikuwa mpishi wa mikate. Tena Papa ndiye aliyeanza. Hilo usilisahau, kwa sababu mji umelisahau.

Papa alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa anaweza kukanda unga, kupasua kuni, kuwasha tanuru na kula chakula cha mchana bila kutoa neno, na ukimuuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Tabia yake mbaya ilikuwa moja tu: wasiwasi. Akishaingiza mikate, hakuweza kutulia. Anafungua kimlango cha tanuru, anachungulia, anafunga, anazunguka nyumba, anafungua tena. Moto wote unatoka nje. Maman alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni, "Achana nayo! Mukate haiko mutoto mugonjwa!" Lakini wapi. Mkate wetu ulitoka upande mmoja mweupe, upande mwingine umeungua, na wateja wakautazama kwa huruma kabla ya kupanda ngazi za udongo kwenda kwa yule wa juu.

Yule wa juu tulimwita Maestro, maana ndiye aliyeongoza kwaya ya parokia yetu. Na siri yake ni hii: mkate haukumhusu hata kidogo. Kilichomhusu ni kuimba. Waimbaji wake walikuwa watu wa kutafuta maisha, huyu anabeba mizigo soko la Kadutu, huyu anauza makala, mkaa wa kupikia, huyu amekwenda Luhwindja kuchimba dhahabu na hajarudi, na siku za mazoezi Maestro anajikuta amesimama peke yake na ngoma. Akafikiri, akajenga tanuru kubwa kuliko nyumba yake, akawaambia, njooni tupate kazi hapa kila alfajiri. Walipokubali, akawa na kwaya yake mikononi kila siku isipokuwa Dominika. Watu wakaona bulanjeri. Mimi niliona mtu aliyekuwa tayari kulisha mtaa mzima ili tu asikose sauti ya kwanza.

Na walifanyaje kazi? Waliimba misa nzima. Wamama wa sauti ya kwanza walikanda unga kwa mdundo wa ngoma, kwa hiyo wote walisukuma pamoja na kukunja pamoja, na ule unga ulikandwa sawasawa kuliko unga wowote wa Bukavu. Mikate midogo iliingizwa Kyrie inapoanza, na Amina ya Gloria ikiitikiwa, inatolewa. Mikate mikubwa iliachwa mpaka mwisho wa Credo. Hakuna aliyechungulia tanuru, kwa sababu mikono na macho ya kila mtu yalikuwa kwa Maestro, na Maestro hakuvumilia mtu anayeimba akiangalia pembeni. Mlango ulibaki umefungwa, moto ulibaki ndani, mkate ukatoka wa rangi moja. Ee, mtu anapenda kitu kimoja mpaka kitu cha pili kinamfanikia bila kutafutwa! Hilo mpaka leo linaniuma.

Watoto waliotumwa mkate walichelewa kurudi makwao, wakasimama wakisikiliza. Wamama waliokuwa wanashuka sokoni na mabeseni kichwani walitua kwanza. Watoto wa Maestro tulisoma nao darasa moja, na nguo zao za shule zilinukia siagi. Walijua nyimbo za Krismasi kabla ya Krismasi kufika. Walipogawa mkate wakati wa mapumziko, mimi nilikuwa nasema nimeshiba, halafu nazunguka nyuma ya darasa kula mkate wetu wa upande mmoja. Niliwaonea wivu mpaka tumbo likaniuma, na usiniambie ni mambo ya utoto, kwa sababu tumbo ni lile lile.

Sasa, siku moja Papa aliingiza mikate yetu wakati kule juu wanaanza Kyrie. Ilitokea tu. Akasimama, mkono juu ya kimlango, lakini badala ya kufungua akasikiliza. Alisikiliza Kyrie yote, akasikiliza Gloria, na Amina ilipoitikiwa akafungua. Mungu wangu! Mikate ilikuwa imeiva kama ya Maestro, mizuri, ya rangi moja. Papa aliiangalia, akaniangalia mimi, akapandisha nyusi zote mbili. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Tangu siku hiyo Papa alipika kwa kwaya ya jirani. Hakumwambia mtu. Kila alfajiri alisimama na mikate juu ya ubao wake mrefu, shingo ameinua, akingoja wale wa juu waanze. Kazi yangu ilikuwa kumzuia mdogo wangu asilie, ili Papa asikie vizuri. Wateja wakaanza kurudi, mmoja, halafu wengine. Na kabla ya Kwaresima kuanza, masista wenye shule ya bweni wakatuma mtu: Jumatano ya Majivu wasichana wao watafunga, watakunywa chai na mkate tu, je, Papa anaweza kuwapikia? Wakiridhika, mkate wa shule nzima utakuwa wake mwaka wote. Maman alipiga magoti palepale kwenye unga. Ukiwa na masista, hata akija Maestro na malaika wake, tanuru lako halizimi. Ukiwakosa, hakuna mwingine wa kukutafuta.

Alfajiri ya Majivu tuliamka nyumba nzima. Unga ulikuwa umeumuka vizuri, kuni zilikuwa kavu. Kule juu wakaanza Kyrie, Papa akaingiza mikate, akafunga. Kyrie ikaisha. Na wewe Mkatoliki uliyekaa hapo umeshajua kinachokuja, maana Kwaresima Gloria haiimbwi, na Maestro hakuwa mtu wa kuvunja Kwaresima hata mbele ya tanuru. Wakaanza zaburi ya toba, polepole, beti baada ya beti. Wao walijua wafanye nini: walipofika katikati walitoa mikate yao na kuendelea kuimba, kwa sababu zaburi ilihitaji mazoezi. Papa hakuweza kuona hayo. Papa alikuwa na masikio tu, na masikio yalikuwa yanangoja Amina.

Harufu ilianza. Maman akatoka jikoni, "Papa ya batoto, inaungua!" Papa akainua mkono. "Bado. Habajamaliza." Moshi ukaanza kutoka pembeni mwa kimlango, Maman akamvuta shati, na Papa, mtu yule yule wa kuchungulia chungulia, mtu aliyeshindwa kuacha tanuru peke yake maisha yake yote, siku hiyo alisimama imara. Wakaitikia Amina. Akafungua. Sikuelezi tulichokiona. Tulichagua ile iliyokuwa nafuu, tukaikwangua kwa kisu, tukaipeleka kwa masista ndani ya kitunga. Sista mlangoni alifunua kitambaa, akakifunika tena taratibu. "Muzee, majivu ya leo tunapewa na padri," akasema. Hakuwa mkali. Ingekuwa heri angekuwa mkali.

Wasichana walikula mkate wa nani siku hiyo, sina haja ya kukuambia.

Jioni Maestro mwenyewe alishuka kwetu, bado ana alama ya majivu kwenye paji. Alikuwa ameuona moshi wetu. Alikaa kwenye kigoda, akatazama tanuru, akaelewa kila kitu bila kuambiwa, na badala ya kucheka akahuzunika. "Mwira wangu, rafiki, kumbe ulikuwa unapika na sisi? Kwa nini haukusema? Ningekupigia hata ngoma." Kisha akauliza, "Haukujua mu Kwaresima hatuimbaka Gloria?"

"Nilijua," Papa akasema. "Nilisahau."

"Panda kwetu basi. Tupike pamoja. Niko natafuta mutu wa sauti ya chini."

Unaona mtu huyo? Hata sababu ya kumchukia vizuri alininyima. Papa alitikisa kichwa, akakataa. Kwaresima yote tanuru letu lilikaa baridi, Maman akauza sombe, majani ya muhogo, barabarani, na mimi nilisali Papa asipande kule. Nilisali kwa nguvu, kwa sababu nilijua akipanda, tutakuwa tumeisha: Papa aliyeanza atakuwa mfanyakazi wa aliyemfuata, na watoto wa Maestro watakula mkate wa mikono ya baba yangu. Baada ya Pasaka akapanda. Maman akaweka kuku ndani ya tanuru letu, wakazaliana vizuri sana.

Asubuhi chache baadaye nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu nje ya nyumba, kule juu wakaanza Gloria, imerudi na ngoma zake zote. Na chini ya sauti zile nikasikia sauti nyingine ambayo haikuwemo zamani. Ilikuwa nene, imetulia, inabeba wengine wote. Nikaacha sufuria. "Maman, huyo ni nani?" Maman alikuwa amesimama mlangoni na fagio mkononi. "Ni papa yako," akasema, na alisema taratibu sana, kwa sababu hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia.

Papa alifanya kazi kule miaka mingi, na kula tulikula vizuri, nisiwe mkosa shukrani. Lakini nyumbani alibaki yule yule. Alishuka na unga kwenye kope, akala bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani, akanijibu kwa nyusi. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwomba aniimbie, hata kidogo tu. Akafikiri, akasema, "Hapa hakuna wa kuniitikia." Na sisi tulikuwa tumekaa pale sote! Kwa hiyo niliendelea kumsikiliza kama mtaa mzima ulivyomsikiliza, kutoka chini, sauti ikipita juu ya mabati. Kutuchukulia wateja nilimsamehe Maestro. Masista nilimsamehe. Sauti ya Papa, hilo moja sikuweza.

Safari hii, Papa akiwa ameshatutoka, nilikwenda kuiona bulanjeri mpya. Matanuru ni ya umeme, yametoka ng'ambo, yanalia yenyewe mkate ukiiva. Vijana wamevaa kofia nyeupe, kila mmoja ana ekuta masikioni, anasikiliza muziki wake peke yake. Hakuna ngoma. Hakuna anayemtazama mwenzake. Watoto wa Maestro wanaendesha mambo vizuri, na mzee mwenyewe amewekewa kiti karibu na dirisha, anazidi kuwa mdogo ndani ya koti lake. Cimpunda sasa inaamshwa na honi za pikipiki za taxi-moto. Nilisimama pale nikitafuta furaha ya kuona hata yeye amepoteza kitu, lakini haikuja.

Alinitambua kwa nyusi, akasema ni za baba yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwana yangu, sauti kama ile sikuipata tena. Mimi nilikuwa naipata asubuhi tu, kazini. Nikimuona anashuka, ninasema: sasa anaenda kuimbia batoto yake zile nzuri. Nilibaonea wivu, kweli. Miaka yote." Akanisogezea sikio. "Niambie. Mu nyumba, alikuwa anabaimbiaka nini?"

Nilitazama vijana wa kofia nyeupe, nikatazama mikono yake. Tanuru moja lililia, hakuna aliyegeuka.

"Kila kitu, Maestro," nikamwambia. "Kila jioni."

Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, mzee wa watu, wivu umemjaa. Nami nikamwacha nao.