Salamu Niliyoizima

Je, alijua kuwa ni mimi niliyemzima sauti? Swali hilo lilininyima usingizi wiki mbili nzima, na kila nilipogeuka kitandani nilikuwa najitafutia jibu la kunisafisha.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwetu Jadida, kisiwani. Nilichokuwa nacho ni kuongoza vikao vya mtandaoni vya kundi linalotengeneza programu huria, ya bure, ya kuandikia hesabu ya samaki wanaoshushwa pwani. Wenzangu wengi walikuwa Dar es Salaam na Mombasa. Sisi tulijua kuiandika programu. Mama mmoja wa kijiji cha Wambaa, karani wa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, ndiye aliyejua kama inafaa. Kila toleo jipya alilijaribu pwani kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, kisha akatuambia tulipokosea.

Kila akiingia kikaoni alisalimia. Si salamu moja kwa wote: alimwita kila mtu kwa jina, akaulizia mama yake, homa yake, mvua ya kwao. Jumamosi ile tulikuwa na wageni waliotaka kutusaidia, nami niliogopa watatuona watu wa shamba. Alipofika kwa mtu wa tatu, nikabonyeza kitufe cha kumzima sauti. Hakutambua. Midomo yake iliendelea kucheza, akatabasamu, akangoja kuitikiwa. Mtu mmoja akatuma vikatuni vya kucheka. Nikasema, "Tuendelee na ajenda." Muda si mrefu akatoka.

Vikao viwili hakuonekana. Toleo jipya likasimama, kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kulijaribu.

Nilijifariji kwamba ilani ya kuzimwa sauti huja kwa Kiingereza, naye Kiingereza hasomi. Halafu nikakumbuka kuwa mwongozo wa kundi letu, ule unaosema lugha isimfungie mtu mlango, niliuandika mimi. Nikaona haya hata nikiwa peke yangu.

Nikaenda Wambaa. Nilimkuta akipima pweza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmenikosa, ee? Simu yangu imekufa sauti. Nimeipeleka kwa fundi mjini Chake, ati nzima. Mie naona fundi mwenyewe ndiye mbovu."

Wachuuzi waliomzunguka wakacheka. Nami nikacheka, na kicheko hicho kinanichoma hadi leo. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi: ningesema ni mtandao, angeniamini, yakaisha. Mlango huo nikauacha.

"Simu ni nzima, mama. Ni mimi niliyekuzima."

Akamweka pweza chini. "Mie nikisalimia?"

"Ndiyo. Ukisalimia."

Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Umenizima mbele ya watu," akasema, "radhi waja kuniomba mbele ya pweza?"

Nilirudi nyumbani nikiandika kichwani maneno ya kujitetea, nikiyafuta, nikiyaandika tena.

Jumamosi iliyofuata niliacha sauti za watu wote wazi. Mama wa Wambaa alikuwa ameingia, kimya, hakumsalimia mtu. Kabla ya ajenda nikawaeleza wote nilichomfanyia na kwa nini nilikifanya, nikamwomba radhi hapo hapo. Kisha nikamsalimia yeye wa kwanza: hali yake, watoto, pwani, fundi wa Chake. Nikangoja ajibu yote.