Namba ya Kona na Kiti Changu cha Mlangoni

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazoziruka. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito hata ninapoandika jina langu tu. Nikiharakisha, maneno yanapandana. Kwa hiyo nitakwenda taratibu, nanyi mnivumilie.

Ninaishi Ujiji kwa shangazi yangu. Nilizaliwa kijijini Simbo, na nyumbani tulisema Kiha, kwa hiyo nilipofika mjini nikawa mtu wa kukaa kimya. Shangazi akinituma dukani, mara nyingine nilirudi mikono mitupu kwa sababu muuzaji hakunisikia, na mimi niliona aibu kurudia. Mahali pekee nilipoweza kuongea ni chumba cha gemu kilicho karibu na soko. Ukishavaa hedifoni na kukaa mbele ya skrini, hakuna anayekutazama usoni. Nikisema, "Wawili wanashuka ngazi," wenzangu wanne wanageuka mara moja. Mule ndani nilisikilizwa. Ningekikosa kiti kile, sijui ningeongea wapi tena.

Tulikuwa timu ya watu watano, tukicheza gemu la kufyatuliana risasi. Nahodha wetu ni dereva wa bodaboda, mkubwa kwangu, na kila nikiingia namwamkia shikamoo kabla sijagusa kitu. Kiti changu kilikuwa mlangoni, kwenye kompyuta kongwe kuliko zote. Kila mtu alipanga mwenyewe setingi za mashine anayoikalia. Kabla ya mechi nahodha alipita nyuma yetu akisoma namba iliyo kwenye kona ya skrini. Namba hiyo inaonyesha kompyuta inatoa picha ngapi kwa sekunde moja. Kwake, namba ndogo ilikuwa uvivu wa mkaaji, si uzee wa mashine. Ukikutwa chini ya mia, unasimama na kumpisha mchezaji wa akiba.

Mchezaji wa akiba alikuwa mwanafunzi wa sekondari kutoka Katubuka, amefunga shule, mchangamfu, Kiingereza anakijua. Alikuja na mausi yake mwenyewe mfukoni, kile kipanya cha kompyuta. Nilikuwa nikiiona ile mausi ikituna kwenye suruali yake, nami nakishikilia kiti changu.

Tulikuwa tumealika timu ya Kigoma mjini ije kwetu Jumamosi mchana. Wiki nzima nilihangaika na mashine yangu, nayo haifiki mia tena kama zamani.

Niwaeleze kidogo. Kompyuta dhaifu ina ujanja wake: inachora picha ndogo, halafu inaitanua ijaze skrini. Wewe unachagua ianze na picha ndogo kiasi gani. Ukichagua Ubora, unaona vizuri, ila namba inashuka. Ukichagua Kasi, namba inapanda, lakini kichwa cha adui wa mbali kinakuwa kama doa la mafuta ukutani. Kuna na Katikati. Mimi maneno hayo nilikuwa nayatambua kwa urefu wake tu, maana yameandikwa Kiingereza. Nikaona sina budi kumwomba mwanafunzi anisomee, yeye yule anayekingoja kiti changu.

Alinisomea bila kinyongo. Kisha akanionyesha swichi nyingine chini kabisa. Alisema ukiiwasha, kompyuta inabuni picha za ziada na kuzipachika katikati ya zile za kweli. Nikaiwasha. Namba iliruka mpaka mia na hamsini. Watu waliacha viti vyao kuja kutazama, na nahodha akanipiga begani.

"Dogo, mashine ya babu imefufuka."

Nilifurahi mpaka nilipoanza kupiga. Nilikuwa navuta mausi, na bunduki inageuka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Zamani, nilipokuwa naenda Bangwe, ufukweni mwa ziwa, nilijaribu kuchoma samaki kwa kijiti penye maji machache. Unamwona hapa, unachoma hapa, kumbe yeye yuko pale. Ndivyo ilivyokuwa. Nikaenda uwanja wa mazoezi wa mle ndani ya gemu, nikawa napiga ukutani nikizima swichi na kuiwasha. Ikizimwa, risasi inakwenda ninapotaka. Ikiwashwa, inapita kando. Zile picha za kubuni zilihesabiwa kwenye kona, lakini hazikujua mkono wangu umefanya nini.

Hapo ndipo niliposhindwa kula. Nikiiacha swichi imewashwa, nitabaki kwenye kiti halafu niikoseshe timu. Nikiizima, namba itashuka mbele ya watu na nitasimamishwa. Shangazi alinipikia samaki wetu wa ziwani, migebuka, nikaibomoabomoa tu kwenye sahani. Alinishika paji la uso akasema ni malaria, kesho twende tukapime. Sikujua namna ya kumwambia kwamba ni setingi ya gemu.

Nilijiuliza pia kama mwanafunzi alinitega. Sikumwuliza. Nilikuwa namwangalia tu anavyocheka na watu, nikishindwa kuamua.

Jumamosi wageni walifika, wakakaa kwenye benchi wakinywa soda na kungoja tujiandae. Nahodha akaanza kupita nyuma yetu. Alipokuwa kiti cha pili, mkono wangu ukaizima ile swichi na kuchagua Katikati. Namba ikaanguka mpaka themanini na kitu. Nilisikia mwanafunzi akisogea nyuma yangu.

Nahodha akainama. "Jana mia na hamsini, leo themanini. Umeiua?"

"Ameirudisha Simbo ikalime mihogo," mmoja wetu akasema, na hata wageni wakacheka.

Hedifoni zilikuwa mezani. Ilinibidi niseme bila kujificha, na kwa kuwa siwezi kuongea na mkubwa wangu nikiwa nimekaa, nilisimama. Mwanafunzi alidhani nimekubali kutoka, akaweka mausi yake mezani.

Nikasema, "Kaka, ile namba ni ya uongo. Naomba ukae wewe, upige ukutani."

Nahodha alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, kisha akakaa. Alipiga, risasi zikaenda sawa. Akaniagiza niwashe swichi. Akapiga tena, zikapita kando. Akarudia. Aliizima swichi, akanirudishia kiti, akaenda kwenye mashine yake na kuizima haraka swichi kama ile. Namba yake ilishuka, na hakuna aliyejitolea kuisoma.

Mwanafunzi alichukua mausi yake. Aliniinamia sikioni akaniambia naye hakujua kwamba swichi ile inapoteza shabaha. Nilimwamini, au nilitaka kumwamini.

Mechi tulishindwa kwa raundi ya mwisho. Nilibaki mimi na adui mmoja. Kulikuwa na dirisha mbali, na ndani yake kitu cheusi. Nilishindwa kujua ni kichwa au ni uchafu wa ile picha iliyotanuliwa. Nikasita. Kilikuwa kichwa.

Nilivua hedifoni nikingoja kufukuzwa. Nahodha alikuwa anavaa koti lake la bodaboda, abiria anamngoja nje.

"Jumatatu uwahi. Kiti ni chako," akasema. "Ila lile dirisha litafutie dawa."

Tangu siku hiyo hakuna anayesomewa namba, lakini sijatulia. Nikiweka Ubora, dirisha naliona vizuri, ila mashine inaganda watu wakijaa. Nikirudisha Katikati, haigandi, na dirisha linarudi kuwa doa. Nabadilisha hii na ile, na mechi ya marudiano inakuja.

Kama nawe unacheza kwenye mashine kongwe, tafadhali niandikie uniambie ulichagua ipi, na ulijuaje kuwa ndiyo. Andika kwa herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole. Ila nitasoma yote.