Amplifaya ya Baba Inayokataa Kuimba Nyumbani

Jamani, nimejiaibisha. Amplifaya ya marehemu baba, iliyonitia wazimu wa santuri na spika tangu utotoni, ilikuwa ikijizima kila baada ya nusu saa. Mara tatu nimeibeba kutoka nyumbani Usa River hadi kwa fundi mjini. Kwake inaimba kutwa nzima, kwangu inazima! Jana nikamfokea mbele ya wateja wake: "Wewe ni fundi au tapeli?"

Leo fundi akaja nayo mwenyewe hadi sebuleni kwetu. Akampa mama shikamoo, akaiwasha. Nami, kama kawaida yangu, nikaifunika kitambaa kizito cha kufuma isiingie vumbi.

Fundi akaguna. "Bosi, umeziba matundu ya kutolea joto."

Mama akadakia: "Nilimwambia tangu Krismasi. Akanijibu sijui mambo ya redio."