Baba Mkubwa Kasema

Mwaka ambao mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili, mimi niliamka na hasira na kulala nayo. Baba alitangulia kufa, kisha mama. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha kwanza, nikaanza kukaanga karanga na kuziuza mbele ya nyumba yetu Chang'ombe, ili walau mmoja wetu asome hadi mwisho.

Jioni tulikaa na ungo wa karanga katikati yetu. Nilichambua, nikitupa mbovu na vijiwe, huku nikimsomea amri za Kiingereza kutoka kwenye kitabu chake, naye akizigeuza kuwa usemi wa taarifa. Niliipenda kazi ile. Nilizisoma kwa sauti ya mwalimu mkali.

"Close the door!"

"The teacher told us to close the door."

"Don't touch my food!"

Akafikiri kidogo. "She told me not to touch her food. Dada, mbona unanitolea macho? Kwani nimekula chakula chako?"

"Endelea, acha maneno."

Mwalimu wao aliwaonya kwamba anayepeleka maneno ya mwenzake asiyapunguzie uzito. Kama mtu aliamuru, sema aliamuru. Kama aliomba, sema aliomba. Niliposikia hivyo nilimkumbuka baba mkubwa, na karanga nilizokuwa nimeshika nikazibana mpaka maganda yakapasuka.

Baba mkubwa, kaka yake baba, anaishi kijijini Zuzu. Katika ukoo wetu mzee hamwambii mtoto jambo zito yeye mwenyewe, anatuma mtu. Watu wanasema ni heshima. Kwetu ilikuwa njia ya kutoulizwa swali. Tangu tulipomzika mama, kila agizo lake lililetwa na shangazi. Baba mkubwa kasema ng'ombe wa baba yenu wakae kwake. Wakaenda. Baba mkubwa kasema baiskeli ya marehemu ina kazi huko. Ikaenda. Nikiuliza kwa nini, shangazi ananijibu, "Mimi nimetumwa tu, mwanangu." Utamgombeza nani hapo?

Jioni moja shangazi alitukuta kwenye ungo wetu.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa kilugha chetu.

Tulimwitikia, tukampa shikamoo, akaketi. Akatafuna karanga nzuri peke yake, mbovu akatuachia. Kisha akasema, bila kunitazama, "Baba yenu mkubwa anaomba huyu mdogo aende Miyuji kwa binti yake, akamlelee mtoto. Binti kapata kazi ofisini. Mambo ya shule yataangaliwa baadaye."

"Anaomba?"

"Ndiyo, anaomba."

"Shangazi, alisema 'naomba'?"

Akafuta mikono kwenye khanga. "Alisema, 'Jumamosi kamchukue.'"

Mdogo wangu alikuwa ameacha kuchambua. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekaribia, na nilijua kwamba akishakwenda Miyuji hatarudi darasani. Nani angemrudisha? Mimi mwenyewe niliambiwa nipumzike shule kidogo tu.

"Usije kumchukua," nikamwambia shangazi. "Tutakuja wenyewe."

Jumamosi nilimvalisha mdogo wangu sare ya shule, soksi nyeupe na vyote, tukaenda Zuzu. Baba mkubwa alikuwa kwenye kigoda uani, vijana wakipura mtama mbele yake kwa fimbo. Shangazi alikuwa pembeni akipepeta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu, macho yakiwa kwenye mtama.

"Nimekuja kulisikia lile agizo kutoka kwako."

Akamgeukia shangazi. "Mwambie akae apumzike."

Shangazi akanigeukia. "Baba anasema ukae upumzike."

Nilikuwa karibu kiasi cha kuona makapi ya mtama kwenye ndevu zake! Nikamwambia, "Baba, nipo hapa na masikio ninayo. Kama unataka huyu aache shule, huyu hapa. Mtazame umwambie, 'Acha shule.'"

Vijana wakashusha fimbo. Mdogo wangu akasogea mbele, akasimama wima kama yuko mstarini asubuhi. Baba mkubwa alimtazama viatu, akapanda hadi kwenye soksi, akaishia hapo.

"Mwambie..." akaanza, kwa shangazi.

Shangazi akaweka ungo chini. "Kaka, si huyo hapo? Mwambie mwenyewe."

Hakumwambia. Aliinuka, akaenda zizini, walipo ng'ombe wa baba yetu, akatupa mgongo. Tulisubiri juani hadi kivuli cha nyumba kikafika miguuni petu. Hakugeuka. Tukarudi zetu mjini, na Jumatatu mdogo wangu akaenda shule.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu kuingia kidato cha tatu. Shangazi akaja na jogoo mkononi.

"Baba mkubwa kasema hongera."

"Mwambie aje aseme mwenyewe. Na aje na ng'ombe wa baba."

Jikoni mdogo wangu akaangua kicheko. "Dada, na wewe unamtuma shangazi!"

Shangazi naye alicheka mpaka akashika mlango, na jogoo akamponyoka. Mimi sikucheka. Jogoo tulimkamata, tukamla. Ng'ombe bado wako Zuzu, na baba mkubwa hajaja.